Battle City kwenye kimashine cha TV: gemu ya vifaru inayogombanisha watu wazima

Kama unatafuta gemu ya vita yenye picha kali, hii itakuudhi. Namco waliitoa mwaka 1985 kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, na umri wake unauona. Uwanja mzima ni skrini moja, miraba 13 kwa 13, na kifaru kinakwenda pande nne tu. Muziki unasikika hatua inapoanza, baada ya hapo ni mngurumo wa injini. Mimi naicheza kwenye kile kimashine cha kuchomeka kwenye TV, kama vinavyouzwa soko la Mwanjelwa. Msimu wa baridi hapa Mbeya, jioni ambazo hakuna anayetaka kutoka nje, ndiyo inayotukusanya sebuleni.

Utamu wake ni tai, alama ya kambi yako unayoilinda. Amekaa chini katikati, kazungushiwa matofali, na kila hatua vifaru 20 vya adui vinaingia kwa juu: kushoto, katikati na kulia. Hata uwe na vifaru vingapi vya akiba, tai akipigwa risasi moja gemu imekwisha. Na risasi haichagui, hata yako mwenyewe inamuua.

Hapo ndipo tunapotofautiana. Mdogo wangu ni wa kupanda juu kuwavizia adui pale pale wanapoingia. Inalipa hatua za mwanzo, lakini vile vifaru vyenye mbio vikimpita, hawezi kugeuka akaviwahi. Jirani yetu Mama Neema hang'oki kwa tai, anapiga kila kinachokatiza mbele yake. Tulikuwa tunamcheka mpaka tulipoona anafika mbali kuliko sisi. Kwangu mimi, mchezo wa wawili unataka mmoja apande na mwingine abaki, na anayebaki ndiye mwenye kazi ngumu, ingawa sifa zinakwenda kwa aliyepanda. Angalia tu usimpige mwenzako: hafi, ila anaganda kwa muda, na ugomvi wote wa nyumbani unaanzia hapo. “Kaka, umenigandisha makusudi!” Pengine ni kweli.

Kwenye zawadi, wageni hukimbilia bomu kwa sababu linafyeka adui wote walio uwanjani. Sawa, linaokoa, ila vifaru vilivyokufa hivyo havikupi pointi. Mimi nafuata nyota. Ya kwanza inaongeza kasi ya risasi, ya pili inakuruhusu kufyatua mbili kwa mpigo, ya tatu inavunja hata kuta za chuma. Ukifa zote zinapotea, na ndiyo maana mwenye nyota tatu anaanza kucheza kwa woga. Beleshi nalo lisidharauliwe, linageuza matofali ya tai kuwa chuma kwa muda. Zawadi zinatoka kwa vifaru vinavyowaka-waka, ambavyo ni cha 4, cha 11 na cha 18. Ukihesabu vialama vya kulia kwenye skrini unajua lini ujisogeze.

Adui mgumu ni yule anayekufa mpaka apigwe risasi nne. Kumfuata uso kwa uso bila nyota ni kujitafutia kifo. Mpige ubavuni akiwa anakata kona.

Kasoro ipo, tena kubwa: haihifadhi ulipofikia. Hatua ni 35, umeme ukikatika ukiwa ya 28, unaweza kuichagua tena mwanzoni, lakini pointi na nyota zako zote zimekwenda. Hata ramani unayojichorea mwenyewe, ambayo watoto wanaipenda kuliko vita yenyewe, inafutika ukizima.

Ukienda kununua, usidanganyike na idadi ya gemu iliyoandikwa kwenye boksi, nyingi ni zile zile zimebadilishwa majina. Mwombe muuzaji awashe, chagua wachezaji wawili, ujaribu pedi zote mbili. Kwenye changu, pedi ya pili kitufe cha kushoto kinanasa, na dogo sasa ana kisingizio cha kila tai anayekufa.