Kurambaza krapi kwa pesa kidogo: seti yangu ya Barren River Lake, kifaa kimoja kimoja

Ukiacha boti yenyewe, vifaa vyote ninavyorambazia krapi (crappie, samaki wa maziwa ya hapa Marekani), yaani ninavyowavulia kwa kuvuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda polepole, vilinigharimu chini ya dola 600, na ninavipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imepunguzwa na upepo, nitaueleza mbele. Naandika kwa ajili ya wenzangu tulioko Kentucky na majimbo ya jirani, Watanzania, Wakongo, Warundi na wengineo, ambao nawaona wikendi wamekaa ukingoni na ndoo zao kuanzia alfajiri, wakati samaki wenyewe wamehamia katikati ya ziwa. Wengi huniuliza kama ni lazima uwe na boti ya maelfu ya dola yenye fimbo kumi na mbili na skrini tatu za kutafutia samaki. Hapana. Mimi nina boti ya alumini ya futi 14, kitako bapa, kuukuu, niliyoinunua pamoja na trela yake kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, na fimbo nne tu.

Tuanze na samaki mwenyewe, kwa sababu tabia yake ndiyo inayoamua ununue nini. Krapi ni wa aina mbili, mweupe na mweusi, na wote wawili wana nyama nyeupe, laini, isiyo na shombo. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, huja kutaga kwenye maji mafupi, na hapo hata mtoto aliyesimama ukingoni anapata. Wakishamaliza wanaondoka. Wanakwenda maji ya wazi, wanaelea katikati, si chini na si juu, wakifuata makundi ya shadi, vijisamaki ambavyo kwao ni kama dagaa kwetu Ukerewe. Ukitia nanga mahali pamoja utakesha. Ukirambaza, wewe ndiye unayewafuata. Na kuna jambo la pili: macho ya krapi yanatazama juu. Chambo kikipita chini yake mara nyingi hakijali; kikipita futi moja au mbili juu yake, anapanda kukifuata. Kwa hiyo kazi yote ni mwendo na kina, na fedha yangu niliielekeza huko.

Mota. Nilichukua Minn Kota Endura C2 ya nguvu ya pauni 30, ya kufunga tezini, yaani nyuma ya boti, kwa dola 150 hivi. Ina mwendo wa ngazi tano mbele na tatu nyuma. Tukiwa watu wawili na maji yametulia, ngazi ya pili inatupa mwendo wa karibu maili moja kwa saa, na huo ndio mwendo unaotakiwa kwa jigi ndogo, yaani ndoana yenye kichwa kizito. Haina kelele, mpini wake unarefuka, na shemeji yangu, ambaye alikulia Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na hajawahi kushika mota ya umeme, aliizoea asubuhi hiyohiyo. Upungufu wake ni kwamba ngazi ni ngazi: kati ya ya kwanza na ya pili hakuna kitu. Endura Max inaongeza mwendo kidogo kidogo bila kuruka na inatunza betri vizuri zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Nimetafuta dawa ya bei ndogo: ndoo ya galoni tano iliyotobolewa matundu kitakoni, imefungwa kamba, inaburuzwa ubavuni mwa boti. Ukiitupa majini mwendo unashuka, ukiipandisha unarudi. Nikiwa mbele naweka mishipi, nasikia nyuma, "Shem, tunakimbia!" na kabla sijajibu ndoo imeshaingia majini.

Betri usibahatishe. Betri ya gari haifai, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Tafuta ile iliyoandikwa ya mzunguko mrefu, ya boti. Yangu ni ya asidi, ukubwa wa 24, dola 115, na chaja yake dola 40. Mota hii ikiwa ngazi ya juu kabisa inakula ampea 30, lakini kwa ngazi ya pili asubuhi nzima inapita bila wasiwasi, mradi usiishushe chini ya nusu. Ina uzito wa kilo 20 na zaidi, nami nimeutumia uzito huo: nimeongeza nyaya nene na kuiweka betri omoni, yaani mbele. Boti nyepesi inayosukumwa na mota ya tezini huinua pua, na upepo huiyumbisha upendavyo. Betri ikikaa mbele pua inatulia. Usisahau kikata umeme cha ampea 50 kwenye waya wa chanya. Ni dola chache, na moto kwenye boti hauna pa kukimbilia.

Fimbo ni nne, mbili za futi 10 zinazotoka ubavuni na mbili za futi 7 zinazoelekea nyuma, ili mishipi iachane. Zile ndefu ni za B'n'M, kampuni ya Mississippi inayotengeneza fimbo za krapi, na zile fupi ni za kawaida kabisa pamoja na rili zake, yaani magurudumu ya kukunjia mshipi. Shika ncha ya fimbo kabla hujalipa. Iwe laini. Mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi, hivyo fimbo ngumu inauchana na samaki anaondoka. Kwa sababu hiyohiyo natumia mshipi wa nailoni wa pauni 8, unaonyumbuka, na kimia chenye mpini mrefu. Krapi hapandishwi botini kwa kuning'inizwa kwenye mshipi. Wala huna haja ya kuipiga fimbo juu anapouma. Boti inatembea, ndoana inajiingiza yenyewe. Inua fimbo taratibu, zungusha rili bila kusimama.

Rili zenye kihesabu cha mshipi ni nzuri, lakini nne zingekula bajeti yote. Nilitandaza mshipi kwenye uwanja wa mpira, nikapima kwa futikamba, nikapaka wino mwekundu kwenye futi 60 na mwingine kwenye futi 80. Kila siku ninajua chambo kiko umbali gani. Baada ya muda wino unafifia, unapaka tena.

Vishikio vya fimbo ndivyo vilivyonikera kuliko vyote. Vile vya plastiki vya kubana, nilivyoagiza mtandaoni kwa bei ya kutupwa, vilipasuka baridi ilipoingia, na fimbo moja nusura iende na samaki. Sitavinunua tena. Nilikata bomba la PVC la inchi moja na nusu vipande vinne, nikachanja mfereji kwenye kila kipande ili mguu wa rili ukae, nikavifunga kwa bolti kwenye ubao uliolazwa kutoka ubavu hadi ubavu. Vifaa vyote kutoka duka la ujenzi havikufika dola 30. Viwili vimelala kutazama pembeni, viwili vimeelekea nyuma. Vimevuka baridi mbili na havijapata ufa. Kama unayo drili, hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote katika seti hii.

Kwenye chambo, anza na Road Runner ya Blakemore, ile jigi yenye kibati kidogo kinachozunguka chini ya kichwa. Kibati kinazunguka hata boti ikienda polepole sana, na samaki anakisikia kabla hajakiona. Nunua uzito wa aunsi 1/16 na 1/8, ukivalishe kijimkia laini cha Bobby Garland Baby Shad. Maji yakiwa ya tope navaa njano-kijani na nyeusi. Yakiwa safi, rangi ya lulu. Kiangazi, maji yakichemka, watu wengi hapa huhamia Bandit 300, chambo cha plastiki ngumu chenye ulimi unaokizamisha, wakikimbia maili 1.5 hadi 2 kwa saa. Kinafanya kazi kweli. Lakini kimoja ni dola sita au saba, na ziwa hili limejaa visiki. Anayeanza na asubiri kidogo.

Sasa mwendo wenyewe. Kipimo changu ni simu: programu ya bure ya GPS inayoonyesha maili kwa saa pamoja na desimali, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Jigi ya 1/16 ikiwa futi 60 hadi 80 nyuma, kwa mwendo wa karibu maili moja, inaogelea futi 6 hadi 8 chini. Ukipunguza mwendo inazama zaidi, ukiongeza inapanda. Usiende mstari ulionyooka. Pinda pole kulia, pinda pole kushoto. Boti ikipinda, fimbo za upande wa nje zinaharakisha na chambo chake kinapanda, za ndani zinazubaa na chambo kinashuka. Angalia ni upande gani umeuma. Kama ni wa ndani mara mbili mfululizo, samaki wako chini zaidi au wanataka upole. Punguza mwendo kwa fimbo zote. Ziwa linakuambia lenyewe, bure, bila skrini. Na ukishapata mmoja, rudia njia ileile, kwa maana krapi hatembei peke yake.

Nyota iliyokosekana ni ya upepo. Boti hii na mota hii si ya siku ya mawimbi. Upepo ukipita maili 10 kwa saa, kushika mwendo mmoja kunakuwa ugomvi, na betri inaisha kwa kupigana nao. Siku hizo tunabaki kwenye mikono ya ziwa iliyojikinga, au tunabaki nyumbani. Maboya ya kuokolea maisha tunavaa muda wote, hata tukicheka kwamba mtu wa Ziwa Tanganyika na mtu wa Ziwa Viktoria wanajua kuogelea.

Kitu kimoja cha bure ambacho wenye boti kubwa hawakijali: Barren River Lake ni bwawa la Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, limekuwapo tangu 1964, lina ekari 10,000 hivi, na kila majira ya baridi maji yake hushushwa zaidi ya futi 20. Nenda Januari na mabuti yako. Utaona visiki, mifereji ya vijito vya zamani na kingo zilizokatika, yote hadharani. Piga picha, weka alama kwenye ramani ya simu. Ikifika Mei, yote hayo yamefunikwa na wewe unajua yalipo.

Mambo ya sheria: leseni ya uvuvi ya Kentucky huanza upya Machi 1, na boti yenye mota, hata ya umeme, lazima isajiliwe kwa karani wa kaunti. Kipimo cha samaki na idadi ya kuchukua hutofautiana ziwa kwa ziwa, kwa hiyo chukua kijitabu cha mwaka huo. Ukivuka kwenda jimbo jingine uliza kwanza kuhusu fimbo. Minnesota, kwa mfano, kiangazi mtu mmoja anaruhusiwa mshipi mmoja tu.

Nikipata fedha nyingine, dola 130 hivi zitakwenda kwenye sona ndogo, skrini ya kuonyesha samaki walio chini ya boti, kama Garmin Striker 4, ili nijue kina walichokaa kabla sijaanza kukitafuta kwa kupinda. Fimbo ya tano na ya sita zitasubiri.