Dodoso la OCDQ-RS katika ofisi ya walimu: maswali mazuri, mizani ya ugenini

Kabla ya likizo ya Juni nilimwomba mkuu wa shule yetu, ambayo ni sekondari ya kutwa ya serikali hapa Tanzania, aniruhusu kulijaribu kwa walimu wenzangu dodoso linaloitwa OCDQ-RS, linalopima hali ya mahusiano ya kazi kati ya mkuu na walimu wa sekondari. Nilikuwa nimechoshwa na minong'ono ya saa ya chai, ambapo kila mtu alijua kwamba hali ya hewa imechafuka lakini hakuna aliyeweza kusema imechafuliwa na nini. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu wa taaluma au mkuu yeyote anayefikiria kulitumia.

Dodoso hili lina ukoo wake. Mwaka 1963 Andrew Halpin na Don Croft wa Marekani walitoa dodoso la kwanza la aina hii, lenye sentensi 64, kwa ajili ya shule za msingi. Katika miaka ya 1980 Wayne Hoy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers walilifumua na kulishona upya, likapatikana toleo la msingi na hili la sekondari, ambalo lina sentensi 34 tu. Sentensi 14 zinamhusu mkuu wa shule: nusu yake zinaangalia anavyowaunga mkono walimu, na nusu anavyowabana. Zilizobaki zinatuhusu sisi wenyewe: 10 juu ya moyo wa kazi na ukaribu wetu na wanafunzi, 6 juu ya kukerwa na kuelemewa, na 4 juu ya urafiki baina yetu. Anayejibu huchagua moja kati ya majibu manne, kuanzia jambo linalotokea kwa nadra hadi lile linalotokea mara nyingi sana. Halina mahali pa kuandika jina, na kwetu halikumaliza robo saa.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Maelekezo yanashauri karatasi zikusanywe na mtu asiye wa uongozi, nami kwa haraka nikapita meza kwa meza nikizichukua kwa mkono. Majibu yalikuwa matamu kama salamu za sikukuu. Juma lililofuata nilimwachia kazi mwakilishi wa chama cha walimu, akaweka boksi tupu la chaki mlangoni na kutoka nje, na mimi nikabaki darasani. Safari hii tulipata majibu ya kweli.

Tafsiri nayo ilinipa taabu. Ipo sentensi inayouliza kama vijitabia vya walimu wa shule hii vinaudhi. Nilipoandika "tabia za walimu", mama mmoja wa makamo aliweka kalamu chini, akaniambia, "Mwalimu, mimi tabia ya mtu siijadili kwenye karatasi." Alikuwa na haki, kwa sababu kwetu tabia ya mtu ni heshima yake, ilhali waliotunga sentensi hiyo walikusudia vituko vidogo vya kila siku. Niliandika "vituko", na hakuna aliyelalamika tena.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ile ya kukerwa. Inauliza kama kazi zisizo za kufundisha zimezidi, kama makaratasi yamekuwa mzigo, kama shughuli za kila siku zinaingilia vipindi. Ofisini tulikuwa tumekubaliana kimyakimya kwamba tatizo letu ni ukali wa mkuu. Majibu hayakusema hivyo. Katika kuunga mkono walimu alipata alama nzuri, na katika kuwabana alikuwa wa wastani. Kilichowaelemea watu ni zamu zinazofuatana, ukusanyaji wa michango ya chakula cha mchana, na takwimu zinazotakiwa leo kabla ya saa nane wakati kipindi cha Kidato cha Nne kinangoja.

Sehemu ya urafiki, kwa upande mwingine, haifai kitu kwetu. Inauliza kama walimu hualikana nyumbani, na kama marafiki wao wa karibu ni walimu wenzao. Wenzangu kadhaa wanakaa nyumba za walimu zinazotenganishwa na ukuta mmoja, na msiba wa mmoja ni mchango wa wote, kwa hiyo alama zilipanda juu ingawa wapo wawili ambao hawajasalimiana tangu mwaka jana. Kuzikana ni wajibu, si lazima kuwe na urafiki. Bahati nzuri, hesabu ya uwazi wa shule, yaani alama ya jumla ya jinsi mkuu na walimu wanavyofanya kazi pamoja bila kubanana, haihusishi sehemu hii.

Kuna pia jambo ambalo dodoso halikuligusa kabisa, nalo ni viboko. Kanuni zetu za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Na ugomvi juu ya nani anafuata kanuni hiyo umewahi kugawa ofisi yetu pande mbili. Niliongeza sentensi mbili zangu juu ya hilo, nikazihesabu kando.

Kuhusu alama za jumla, ningeshauri ziachwe. Zinapimwa kwa mizani ambayo 500 ni wastani uliotokana na sekondari za jimbo la New Jersey huko Marekani, na sioni mantiki ya kulinganisha nazo shule ambayo darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 70. Nilipiga hesabu, shule yetu ikaonekana imefungwa, yaani haina uwazi, nikaificha karatasi ile. Kikaoni nilipeleka wastani wa kila sentensi peke yake.

Dodoso lenyewe halilipiwi. Gharama yetu ilikuwa ya kudurufu. Mkuu alisoma mara mbili matokeo ya sentensi ya makaratasi, kisha akauliza ni nani anayejaza fomu za takwimu. Tulinyoosha mikono watu wanne, na kumbe wote tulikuwa tukijaza fomu zilezile.