Uzoefu wangu na CUPS: printa moja kwa shule nzima

Mwenye haraka aondoke na hili: kama shule au ofisi yenu ina printa moja au mbili na kompyuta za kila aina, tafuteni kompyuta kuukuu ya mezani, muweke Linux (mfumo endeshi wa bure), muweke CUPS (programu inayopokea kazi za kuprinti na kuzipeleka kwenye printa), na kazi zote za kuprinti zipitie hapo. Ndivyo tunavyofanya kwenye shule ya sekondari ninakofundisha na kusimamia maabara ya kompyuta, na sitamani kurudi tulikotoka.

Tulikotoka wengi mnakujua. Printa imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mhasibu, wengine wanaifikia kupitia Windows yake. Mhasibu akienda benki na kuzima mashine, ofisi ya taaluma haiprinti kitu. Mwaka 2021 mambo yakazidi kuwa magumu. Baada ya kugundulika tundu la usalama lililopewa jina la PrintNightmare, Microsoft walikaza masharti ya kushirikisha printa, na kosa namba 0x0000011b likaanza kutokea kwenye maofisi mengi. Tangu Agosti mwaka huo, mtumiaji asiye na haki za msimamizi haruhusiwi, kwa mipangilio ya kawaida, kusakinisha draiva ya printa ya mtandao, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa hiyo. Kiusalama walifanya sahihi kabisa. Lakini walimu wanaotegemea kompyuta za shule, wasio na nenosiri la msimamizi, walikwama.

Njia nyingine ni kuwa na printa yenye tundu la waya wa mtandao, kila kompyuta iifikie yenyewe. Hapo ndipo husikika ile sentensi ya asubuhi baada ya umeme kukatika usiku: "Mwalimu, printa inasoma ofulaini." Printa ni nzima. Kilichotokea ni kwamba ruta imewaka upya na kuipa printa anwani nyingine ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), huku kompyuta zote zikiendelea kuitafuta kwenye ile ya jana. Dawa yake ni ileile, utumie CUPS usitumie. Iambie printa ichapishe ukurasa wake wa mipangilio, usome anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya printa yenyewe) iliyoandikwa pale, kisha uingie kwenye ruta na kuifungia printa hiyo anwani moja ya kudumu. Usiguse kompyuta ya mtu yeyote kabla ya kumaliza hatua hii.

Sasa CUPS yenyewe. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999. Apple waliinunua mwaka 2007, na hadi leo ndiyo inayoprinti kwenye kompyuta za Mac na Linux nyingi. Unaisimamia kwa kivinjari cha kawaida kupitia bandari (mlango wa mtandao) namba 631. Printa za miaka ya karibuni zinazoelewa AirPrint au IPP Everywhere (lugha za pamoja za kuprinti) inazipokea bila draiva. Za zamani zina draiva zake, na nyingi zinapatikana.

Upande wa Windows 10 na 11, unaongeza printa kwa kuandika anwani ya foleni (printa kama ilivyosajiliwa ndani ya CUPS, ambako kazi zake hupanga mstari), kwa mfano http://192.168.1.10:631/printers/Taaluma. Ikikuuliza draiva, chagua ile ya jumla ya IPP ya Microsoft au ya PostScript, ambazo tayari zimo ndani ya Windows. Hakuna tena kuhangaika na CD ya printa iliyopotea tangu siku ya kununuliwa. Na siku printa ikifa mkanunua nyingine, unabadilisha kwenye CUPS peke yake, jina la foleni linabaki lilelile, na kompyuta za walimu hazijui kama kuna kilichobadilika. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Mipangilio mitatu naisisitiza, maana bila hiyo utalaumu programu bure.

Kwanza ni karatasi. Mara nyingi foleni mpya huja ikiwa imewekwa Letter, saizi ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Sisi rimu zetu zote ni A4, yaani 210 kwa 297. Matokeo yake printa inasimama, taa inawaka na kuzima, kioo kinadai karatasi, na trei imejaa pomoni. Mwalimu anatoa karatasi, anazipanga upya, anazirudisha, bado. Ingia kwenye mipangilio ya msingi ya foleni uweke A4, halafu ukague na hati yenyewe, kwa sababu Word nayo hupenda kuanza na Letter.

Pili ni umeme. Kila foleni ina sera ya kufuata hitilafu inapotokea. Ikiwa ni stop-printer, umeme ukikatika katikati ya kazi foleni inajisimamisha, na umeme ukirudi inabaki imesimama hadi msimamizi aiamshe. Ibadilishe iwe retry-job, itajaribu tena yenyewe. Kwa mazingira yetu hili si la hiari.

Tatu ni mitihani, na hapa naomba walimu wa taaluma wanisikilize. CUPS kwa kawaida huhifadhi faili lililokwisha kuprintiwa kwa muda wa siku moja, ili liweze kurudiwa. Risiti ya ada haina shida. Mtihani wa kidato cha nne wa mock ni jambo jingine kabisa. Kwenye faili la mipangilio ya CUPS, cupsd.conf, andika PreserveJobFiles No, na chumba chenye hiyo kompyuta kifungwe kwa ufunguo. Kazi nyeti inaweza pia kuwekwa kwenye foleni ikiwa imezuiwa, ikaachiliwa pale tu mhusika anapokuwa amesimama mbele ya printa. Nimeona karatasi ya mtihani ikiwa imelala kwenye trei ya nje wakati wanafunzi wanapita kuleta madaftari, na sitaki kuiona tena.

Simu zimenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ukiwasha ushirikishaji, na Avahi (programu inayotangaza printa kwenye mtandao) ikiwa inafanya kazi, Android na iPhone zinaiona foleni zenyewe. Matron anaprinti kutoka WhatsApp bila kuomba kompyuta ya mtu. Ila simu lazima iwe kwenye mtandao uleule. Iliyounganishwa na Wi-Fi ya wageni haitaiona.

Usalama usipuuzwe. Septemba 2024 yalitangazwa matundu makubwa yaliyohusu cups-browsed, programu ndogo inayosindikiza CUPS. Kompyuta inayogawa printa haiihitaji. Izime, sasisha mfumo, na bandari 631 isifunguliwe kamwe kuelekea intaneti.

Mapungufu yapo. CUPS haiskani, kwa hiyo upande wa skana wa mashine zetu tunautumia kwa flashi. Printa kubwa zenye kubana pini au kukunja karatasi zinaweza kupoteza uwezo huo ukitumia njia isiyo na draiva. Rekodi ya nani kaprinti kurasa ngapi ipo, lakini inabidi uiwashe kwa kuweka PageLogFormat kwenye cupsd.conf. Iwasheni mapema, kabla tona haijaanza kuisha bila maelezo na watu kuanza kunyoosheana vidole. Na kwa kuwa kila kitu kinapita kwenye mashine moja, mashine hiyo ikifa shule nzima inasimama. Iwekeeni UPS, na kila mkibadilisha mpangilio nakilini folda ya /etc/cups kwenye flashi inayokaa kwenye kabati la mkuu wa shule.