Silinda ya pili: "chomoa, weka" wanavyokudanganya

Jamani kuna wauzaji hawana aibu. Nimenunua silinda ya ziada (kile kipande cha mviringo kinachozunguka na kubeba risasi) ya bastola yangu, ile ya kukoki nyundo kwa dole gumba kila risasi, na kabla sijalipa nikauliza vizuri tu kama itahitaji fundi. Jibu lenyewe kama ananifukuza: "zote saizi moja, chomoa, weka."

Kuchomoa kwenyewe raha, hapo bastola naisifu mpaka kesho. Unatoa risasi zote, unafungua kigeti cha pembeni, unabonyeza kitufe, unavuta pini mbele, silinda inakudondokea mkononi upande wa kulia. Mpya ikaingia. Sasa koki! Nyundo inafika katikati inakwama. Nikaizungusha kwa mkono, chemba mbili (yale matundu ya kuwekea risasi) zinapita fresh, inayofuata inakwaruza nyuma ya mtutu, nikamulika tochi nikakuta chuma kinagusa chuma na mstari unaong'aa umeshajichora. Pale inatakiwa nafasi ya kama milimita 0.1 mpaka 0.2, na iwe hivyo kwa kila chemba.

Nikamrudia muuzaji. Hata kuishika hakuishika! "We ndo hujui kutumia, piga risasi nyingi italainika." Italainika?? Silinda isipokaa sawa na mtutu risasi inanyolewa ubavu, vipande vinawarukia waliosimama pembeni, halafu mtu anakwambia nenda kapige nyingi! Silinda mbili zinazotoka kiwandani na bastola zimefitishwa kwenye fremu hiyohiyo, ndo maana ile ya ziada mara nyingi inaandikwa tarakimu za mwisho za namba ya bastola. Hii yangu haina alama yoyote, na yeye anajua.

Nilitaka kusema msinunue kabisa, ila ntakuwa muongo, kwa sababu fundi mmoja, mtu mpole, kaipunguza uso wa mbele kidogo kidogo huku anapima, na sasa hivi napiga .22 ya kawaida, nikitaka nabadilisha silinda naweka ya .22 magnum, ile risasi yenye nguvu zaidi, mtutu uleule, naipenda mno. Ila msipige .22 ya kawaida kwenye silinda ya magnum, ganda lake lina upana wa kama milimita 5.7 na la magnum linapita 6, kwa hiyo linapwaya, linavimba na linaweza kupasuka. Hilo nalo muuzaji kanyamaza kimya!

Silinda naipa nyota nne. Hapana, nne za fundi hizo, ilivyotoka dukani ni moja, na hiyo moja nayo inaniuma kuitoa.