RC2014: kompyuta ya kichakataji cha Z80 unayoiunda mwenyewe

Hapa unauziwa vipande, si kompyuta kamili. Kuna bodi ya kichakataji, ya saa, ya RAM (kumbukumbu ya muda) ya KB 32, ya ROM (kumbukumbu ya kudumu) yenye lugha ya programu ya BASIC, na ya siriali ya kuwasiliana na kompyuta nyingine, zote zikichomekwa kwenye bodi mama moja. Ni kifaa bora mno cha kujifunzia, kwa kuwa kila waya wa basi (nyaya za pamoja zinazounganisha bodi) unaweza kuugusa na kuupima.

Kazi ngumu ni safu za pini 40 zinazochomeka bodi kwenye bodi mama. Lehemu pini moja ya mwisho kwanza, tazama kama safu imesimama wima, ndipo uendelee. Ikishapinda, kuinyoosha ni balaa. Lehemu soketi, usilehemu chipu yenyewe, na kabla ya kuwasha hakikisha pengo la chipu limelingana na alama ya bodi. Chipu iliyogeuzwa inaweza kuungua.

Kristali inayotoa mapigo ya saa ni ya MHz 7.3728. Gawanya kwa 64 upate 115,200, ndiyo kasi ya siriali kwa biti kwa sekunde. Ukibandika programu ndefu na herufi zikapotea, washa udhibiti wa RTS/CTS (ishara za kumsimamisha mtumaji kwa muda) kwenye terminali, yaani programu unayotumia kuzungumza na RC2014.

Wanaosema 6502, kichakataji kingine cha zamani, ingefaa zaidi wana hoja: amri yake fupi kabisa huchukua mizunguko 2 ya saa, ya Z80 huchukua 4. Lakini Z80 ina rejista (hifadhi ndogo za ndani ya kichakataji) nyingi zaidi, na ndiyo inayoendesha CP/M, mfumo endeshi wa zamani, ingawa kwa CP/M utahitaji KB 64 za RAM na bodi ya hifadhi.

Zilog, watengenezaji wa Z80, ilifunga oda za Z80 ya pini 40 mwaka 2024, kwa hiyo weka chipu ya akiba.