Picha za zamani za Beit al-Ajaib, kiduka cha Mji Mkongwe

Nafundisha historia kidato cha pili, na miaka yote nimekuwa nikilichora Beit al-Ajaib, jumba la masultani wa Zanzibar, ubaoni kwa chaki. Mwezi uliopita nikanunua picha mbili za kutundika darasani, kwenye kiduka cha Mji Mkongwe kinachochapisha upya picha za enzi za masultani. Saizi ya A3, shilingi 40,000 kila moja bila fremu.

Ya kwanza imepigwa kutoka baharini kabla ya 1896. Jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883 limesimama na nguzo zake za chuma, baraza zimelizunguka kila ghorofa, na mbele yake kuna mnara uliojitenga. Ya pili ni ya baada ya 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoyapiga makasri mizinga, chini ya saa moja tu, ili Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, aachie kiti. Kasri la Beit al-Hukm lililokuwa pembeni halipo. Mnara wa mbele haupo. Mnara wa saa sasa umepachikwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Mtoto akiziangalia pamoja anaona bila kuambiwa nani alitoa amri na nani alinyang'anywa. Na kwa kuwa mnara huo nao uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wanafunzi wangu wengi hawaukumbuki.

Uchapaji ni mzuri kweli: karatasi nzito isiyong'aa, na vivuli vya barazani havikumezwa na weusi.

Lakini picha ya pili iliandikwa "1890", ilhali mnara ule uliunganishwa na jumba mwaka 1897. Kilichoniuma zaidi ni ya kwanza. Walikata juu ili ienee kwenye fremu, bendera ya Sultan ikaondoka, kikabaki kipande cha mlingoti. Jumba bila bendera ni la tajiri yeyote. Bendera ndiyo iliyomwambia nahodha anayetia nanga kwamba hapa pana mwenyewe.

Nilirudi nazo. Kijana wa dukani akasikiliza, akasema, "Samahani mwalimu, wageni hupenda ijae fremu." Akachapisha upya ya kwanza, picha nzima, bila malipo na kurekebisha mwaka wa ya pili palepale.

Mkienda, ombeni picha isiyokatwa kabla hawajachapa. Nendeni asubuhi, maana adhuhuri wanafunga kwa sala na chakula.