Rulema konike Lubumbashi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vipuri Lubumbashi ukaomba "rulema konike ya arobaini", yaani ile yenye rulo (vyuma vinavyobingirika ndani) za umbo la koni, unaweza kuletewa aina nne, na zote zitaingia kwenye shafti ya milimita 40. Kosa huanzia hapo. Tundu peke yake halitambulishi rulema (au beringi, kama wanavyoiita ndugu zetu wa pwani). Kinachoitambulisha ni namba nzima iliyochongwa kwenye pete.

Namba kwanza, bei baadaye

Tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5: 08 ni tundu la milimita 40, 10 ni la 50. Tarakimu za mbele ndizo zinazowaponza wengi. 30208 na 32208 zote zina tundu la 40 na kipenyo cha nje cha 80, lakini ya kwanza ina upana wa 19.75 na ya pili 24.75. Kwenye hizo milimita 5 rulo zinakuwa ndefu zaidi. Uwezo wa kubeba mzigo unaongezeka kwa karibu moja ya tano, na maisha ya rulema yanakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu yanapanda kwa kipeo cha 10/3. Hesabu hiyohiyo inauma upande wa pili: mzigo ukizidi mara mbili, maisha yanabaki moja ya kumi tu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia uweke 30208 na washa ya kujazia pahali pa 32208, mshukuru na uondoke.

Mtego mkubwa zaidi ni 30308 na 31308. Zote ni 40 kwa 90 kwa 25.25, hata pia kulisi (kifaa cha kupimia kipenyo na upana) haitazitofautisha. Tofauti iko kwenye pembe ya kuveti (pete ya nje): takriban digrii 13 kwa ya kwanza, karibu 29 kwa ya pili. 31308 imetengenezwa kwa msukumo mkubwa wa pembeni, kama ule wa redukteri (giaboksi ya kupunguza mwendo) ya visi. Ukiweka 30308 hapo, mashini itawaka vizuri na itazunguka vizuri, kisha rulema itakufa kabla ya wakati wake na utamlaumu mtu wa gresi.

Kwenye moye (vitovu vya magurudumu) za remorki na mashini za Kimarekani utakutana na namba za inchi, ambako kone (pete ya ndani pamoja na rulo) ina namba yake na kuveti ina namba yake. L44643 ina tundu la 25.4, L44649 la 26.988, na zote mbili zinakaa ndani ya kuveti L44610. Pima shafti, usipime kuveti.

Mpangilio wetu

Nafasi ya kwanza: seti mpya, kone na kuveti za mtengenezaji mmoja, kutoka kwa msambazaji aliyeidhinishwa wa SKF, Timken, FAG, NSK au NTN. Hii ni ya redukteri ya konvoyeri na kila pahali ambapo rulema moja ikifa kazi yote inasimama. Dai fakturi yenye namba kamili pamoja na herufi za mwisho.

Ya pili: seti mpya ya kiwanda kisicho maarufu lakini kinachouza kwa jina lake chenyewe. Kwa moye ya remorki, wagonet au betonieri inatosha, mradi uifungue na kuikagua mapema kuliko ile ya juu.

Ya tatu ni okazyo (iliyokwisha kutumika) iliyotolewa kwenye mashini kubwa, na hapa inabidi ufanye kazi kabla ya kulipa. Iosheni kwa mafuta ya taa. Usiizungushe kwa hewa ya kompresa, maana rulo zikiruka kutoka kwenye kaje (kizimba kinachozishika) zinaumiza mtu. Angalia njia ya kuveti chini ya taa, ukiigeuza polepole, kisha pitisha ncha ya bolpeni. Ikikwama hata padogo, ngozi ya chuma imeanza kubanduka. Mistari ya kupita kama ngazi inaonyesha umeme ulipita ndani yake. Hutokea mtu akichomelea huku masi (waya wa kurudisha umeme) imefungwa mbali, mkondo ukavuka rulema. Rangi ya bluu ni joto lililoua ugumu wa chuma. Dalili moja kati ya hizo inatosha kuirudisha.

Ya nne: mpya isiyo na jina lolote. Ni ya magurudumu ya pusupusu na geti la parseli tu.

Ya tano: kone mpya kwenye kuveti ya zamani "kwa sababu bado inang'aa". Njia ya zamani imeshachukua alama za rulo za zamani. Utanunua tena.

Ya mwisho kabisa ni bandia ndani ya boksi la jina kubwa. Tunaiweka chini hata ya ile isiyo na jina, kwa sababu ya nne unaijua ni dhaifu na unaipa kazi dhaifu, lakini hii utaiamini kwenye redukteri. Linganisha namba ya boksi na ya pete, lakini usitegemee macho tu, bandia nzuri zinapita. SKF ina programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, na Schaeffler, wenye FAG, wana OriginCheck.

Pamoja na rulema nunua spi (sili ya kuzuia uchafu) mpya, kila mara. Vumbi jekundu la kiangazi na matope ya mvua vinapita kwenye spi iliyochoka, na rulema ya bei yoyote inasagika.

Kuifunga

Usiigonge kwenye kaje. Kone isukume kwa bomba linalogusa pete ya ndani tu. Ikikataa, ipashe joto kwenye mafuta au hita ya induksheni, bila kupita digrii 120. Moto wa shalimo (tochi ya kuchomea) hapana. Kuveti ya zamani, ukiisaga kidogo nje, inakuwa kifaa kizuri cha kusukumia mpya.

Gresi ya lithiamu namba 2 isukume kati ya rulo mpaka itokee upande wa pili, na nafasi tupu ya moye ijazwe theluthi moja hadi nusu. Ikijaa kabisa, inajichemsha yenyewe.

Kwenye moye, kaza nati hadi karibu Nm 68 huku unazungusha gurudumu. Usipozungusha, rulo hazikai kwenye ukingo mkubwa wa kone, kipimo chako kinakuwa cha uongo. Kisha legeza, kaza tena kwa vidole, funga. Komparateri (saa ya kupimia) isome mchezo, yaani nafasi ya kuchezacheza, kati ya milimita 0.025 na 0.13. Kwenye redukteri fuata kitabu cha mashini, kwa sababu nyingine zinataka rulema ibanwe kidogo.

Ukiwasha, joto litapanda kisha litulie. Likiendelea kupanda bila kutulia, zima ulegeze. Ukichelewa, utakapofungua utakuta vichwa vya rulo vimekwaruzwa na ukingo wa kone umegeuka bluu, na kone hiyo hairudi tena kwenye shafti.